Neno "Nguvu" na Kutengana kwa Sumaku

Iko sentensi moja ambayo kila mtu aliyepata kushika sumaku mbili mkononi ataikubali bila ya ubishi: "Sumaku zilizogandana hutengana kwa nguvu chache zikitelezeshwa kando kuliko zikivutwa moja kwa moja." Fundi wa redio katika Ngamiani, mjini Tanga, atakaye kuondoa sumaku ya spika iliyogandana na mwenziwe hashindani nayo uso kwa uso. Huishika pembeni, akaisukuma kando mpaka ukingo uuache ukingo, kisha akaiondoa. Ukimwuliza kwa nini afanya hivyo atakujibu kwamba njia ile yataka nguvu chache, na hapo amesema kweli. Lakini mwanafunzi akiyachukua maneno yale yale, bila ya kubadili hata herufi moja, akayaandika katika karatasi yake kuwa jibu la swali la nishati, amesema uongo.

Sentensi moja, basi, yabeba kweli na uongo kwa pamoja, na kinachoyatenga mawili hayo ni maana ya neno moja tu, "nguvu". Katika makala haya nataka kuichambua sentensi hiyo kama tuchambuavyo mstari wa shairi wenye neno la maana mbili. Kosa ambalo kwa kawaida hulaumiwa mwanafunzi au mwalimu wake naliona kuwa kwanza ni kosa la lugha, na dawa yake imo katika lugha hiyo hiyo, tena katika sehemu yake iliyo ya kale kabisa, ambayo waunda istilahi wameipita bila ya kuitazama.

Tuanze na neno lenyewe. Watu husema mtu mwenye nguvu, dawa yenye nguvu, hoja yenye nguvu. Sheria hutiwa nguvu. Mwizi hutumia nguvu. Mvua hunyesha kwa nguvu. Injini huhesabiwa kwa nguvu za farasi. Upana huu ni mali kwa mshairi, ambaye aweza kuanza ubeti na nguvu za mwili na kuumaliza na nguvu za hoja pasipo mtu kuona mshono. Katika elimu ya fizikia ni hasara, kwa kuwa elimu hiyo yatofautisha mambo matatu ambayo neno hili huyafunika yote kwa shuka moja. La kwanza ni mvuto au msukumo wenyewe, wenye kipimo chake na upande wake, unaohisiwa na mkono mahali hapa na sasa hivi. La pili ni jumla ya mvuto huo katika safari nzima, yaani mvuto mara urefu wa mwendo, hatua baada ya hatua. La tatu ni wepesi wa kuitimiza jumla hiyo, kiasi gani kwa kila dakika. Hili la tatu naliacha. Farasi na wapumzike.

Mawili ya kwanza ndiyo yanayochanganyika katika sentensi yetu. Mkono huhisi la kwanza tu. Haujui kujumlisha, hukumbuka palipouma zaidi, na hapo huiita njia nzito au nyepesi. Hukumu hiyo ya mkono ndiyo iliyoingia katika neno "nguvu", na kutoka katika neno hilo ikaingia katika madaftari ya shule.

Hebu tuipime. Tuchukue sumaku mbili ndogo zilizo sawa, moja juu ya nyingine, ncha ya kaskazini ya moja ikielekea ncha ya kusini ya mwenziwe, na tuzizuie zisigeuke. Umbali kutoka kitovu cha moja hadi kitovu cha nyingine tuuite 1. Kwa kanuni ijulikanayo ya sumaku ndogo, mvuto baina yao hupungua kwa haraka mno: umbali ukiwa mara mbili, mvuto hubaki sehemu moja katika 16. Tukichagua vipimo hata kazi yote ya kuzitenganisha, mpaka zisijuane tena, iwe 2, basi mvuto wa mwanzo huwa 6.

Kwanza tuvute moja kwa moja. Mkono hukutana na 6 pale pale mwanzo, kabla sumaku haijaondoka hata unywele. Umbali ukifika 2, mvuto umekuwa 0.375, na mkono hauna tena la kulalamikia. Kazi iliyokwisha kufanywa mpaka hapo ni 1.75, yaani sehemu saba katika nane za kazi yote. Taabu yote ya njia hii i mlangoni.

Sasa tutelezeshe. Sumaku ya juu isipande wala isishuke, bali iende kando tu, na tuseme kwamba pahala inapopita ni laini hata hapana msuguano. Mwanzo kabisa hakuna cha kuizuia isiende kando. Kizuizi ni sifuri. Ikianza kwenda, kizuizi huzaliwa na kukua, nacho hufikia kilele cha 2.74 sumaku ikiwa imekwenda kando yapata 0.39. Baada ya hapo hushuka, na mwendo ukifika 1 kimekuwa 0.8. Mkono, basi, haukukutana popote na zaidi ya 46 katika kila 100 za ule mvuto wa kwanza. Fundi wetu wa Ngamiani ana haki yake kamili. Lakini tukiijumlisha kazi ya hatua hiyo moja twapata 1.82.

Namwomba msomaji asimame hapa kidogo. Kwa mwendo ulio sawa, njia iitwayo nyepesi imekula kazi nyingi kuliko njia iitwayo nzito: 1.82 kwa 1.75. Hapana mwujiza. Njia ya kwanza hutoza ushuru mkubwa langoni kisha ikamwachia msafiri aende zake. Ya pili hutoza kidogo kidogo njiani, lakini haichoki kutoza. Anayehesabu ushuru wa lango tu, asihesabu wa njiani, ataidhani ya pili kuwa rahisi.

Na mwisho wa safari? Tukiendelea kwenda kando mpaka mwendo uwe 2, kizuizi hukoma kabisa, na kazi iliyofanywa imekuwa 2.036, imezidi ile 2 tuliyoiweka. Kutoka hapo sumaku zetu, ambazo sasa zinaelekea kuwa ubavu kwa ubavu, ncha zinazofanana zikitazama upande mmoja, huanza kusukumana badala ya kuvutana, nazo humrudishia mwenye kuzisukuma ile 0.036 iliyozidi. Zikiwa mbali kabisa hesabu yatimia 2, sawasawa na ile ya kuvuta moja kwa moja. Hesabu hizi ni za sumaku ndogo zilizo mbalimbali kidogo. Sumaku nene zilizogusana, kama zile za spika, zina tarakimu zake nyingine katika kila hatua. Lakini usawa wa jumla hauvunjiki, maadamu msuguano umewekwa kando na sumaku zenyewe hazikupungua usumaku wao katika kutengana.

Usawa huo hauna budi kuwa. Kama kutelezesha kungegharimu 1 na kuvuta moja kwa moja kungegharimu 2, mtu angetelezesha sumaku mpaka mbali kwa gharama ya 1, akaizungusha mpaka juu ya mwenziwe, akaiacha irudi moja kwa moja na kulipa 2, na kila duru angepata faida ya 1. Winchi za bandari ya Tanga zingepakua meli mwaka mzima pasipo mafuta wala umeme. Petrus Peregrinus, Mfaransa aliyeandika waraka wake mashuhuri juu ya sumaku mwaka 1269, mtu makini aliyezieleza ncha za sumaku kwa uangalifu kuliko waliomtangulia, alichora katika waraka huo huo gurudumu la kuzungushwa na sumaku milele. Gurudumu hilo halikuzunguka. Kilichomkosesha ndicho kinachomkosesha mwanafunzi wetu: aliuona mvuto, akadhani ameiona kazi.

Mtu wa Tanga ana mfano bora wa jambo hili karibu na nyumbani kuliko sumaku. Kutoka Mombo kwenda Lushoto barabara hupanda yapata mita elfu moja kwa kujipindapinda zaidi ya kilomita 30. Ziko pia njia za miguu zinazokata kona na kupanda wima. Mchukuzi wa kapu la viazi huzijua zote mbili. Katika barabara kila hatua ni nyepesi na hatua ni nyingi. Katika njia ya mkato kila hatua humkaza magoti na hatua ni chache. Lakini kimo alichokipandisha lile kapu ni kimoja, na kazi aliyoifanya juu ya kapu dhidi ya uzito wake ni moja. Mwenyewe aweza kuchoka zaidi kwa njia hii au ile, kwa kuwa mwili wa binadamu hupoteza nishati nyingi katika mambo yasiyomhusu kapu. Hilo ni shauri la tabibu, si la mlima. Sumaku ya chini ni bonde, sumaku ya juu ni kapu, na kutelezesha ni kupanda kwa barabara ya kona.

Mfano huo i wazi kwa mtu wa milimani. Kwa nini basi kosa letu limekaa imara zaidi pwani? Jibu langu ni kwamba pwani uzoefu wa kazi za kila siku wafundisha kinyume, na wafundisha kwa haki. Jahazi linaloshushwa majini hukokotwa juu ya mchanga. Likikokotwa bila ya magogo latoa watu jasho. Likiwekewa magogo, na magogo yakipakwa mafuta, lateleza. Hapo njia nyepesi ni nyepesi kweli kweli, kwa mvuto na kwa kazi pia, kwa sababu adui ni msuguano, na msuguano hudai kwa kila hatua wala haurudishi kitu. Ukilikokota jahazi mita kumi mbele na kulirudisha mita kumi nyuma umelipa mara mbili na hukupata chochote. Ukiipandisha sumaku kutoka kwa mwenziwe na kuirudisha, ulicholipa umerudishiwa.

Ushahidi mmoja wa zamani wa jambo hili umo katika bahari ya Mtang'ata yenyewe, kusini kidogo ya mji wa Tanga. Mwezi wa Aprili 1498, kabla ya kufika Mombasa, chombo kimoja katika msafara wa Vasco da Gama, São Rafael, kilipanda fungu usiku karibu na alfajiri. Maji yalipokupwa kikabaki pakavu. Habari za safari hiyo zasema kwamba mabaharia walizitandaza nanga nyingi kwa mashua, wakangoja. Maji yalipojaa chombo kikaelea, na watu wakafurahi. Hawakukikokota. Walikiacha kiinuliwe na bahari, kwa upande ambao mchanga hauna dai. Wakati wa kungoja walitembelewa na mitumbwi miwili, mmoja umepakia machungwa ambayo wageni wale waliyasifu kuliko ya kwao Ureno. Mtu wa Muheza hatashangaa. Milima iliyo mkabala, ambayo ndiyo Usambara, waliipa jina la chombo kile, na Januari 1499, katika kurudi, walikichoma moto pahali pale pale kwa uchache wa mabaharia. Anayefunzwa na chombo kilichopwelewa atasema kwamba upande wa kuvutia ndio kila kitu, na kwa chombo atakuwa amesema sawa. Kosa ni kuuhamisha mfano wa fungu la mchanga mpaka kwa sumaku, ambayo haina mchanga.

Narudi kwa lugha. Istilahi za mambo haya zipo siku nyingi, wala siji kuunda mpya. Mvuto au msukumo wenye upande huitwa kani. Mvuto uliojumlishwa njiani huitwa kazi. Uwezo wa kufanya kazi Tanzania huitwa nishati, na Kenya hupenda kuuita kawi, hata wizara mbili za nchi hizi mbili hutofautiana kwa neno hilo. "Kani" ni chaguo zuri kuliko wengi wajuavyo. Katika matumizi ya zamani neno hilo lina harufu ya ukaidi: mtu mwenye kani ni mbishi, na kushika kani ni kung'ang'ania. Sumaku inayokataa kuachana na mwenziwe ina kani kwa maana zote mbili. "Nishati", lenye asili ya Kiarabu, lilihusu uchangamfu wa mwili kabla ya kupewa kazi ya fizikia. "Kazi" lina hatari yake: mchukuzi aliyesimama na gunia kichwani bila ya kwenda popote atakuapia kwamba yu kazini, na fizikia itamjibu kwamba hajafanya kitu. Lakini hatari hiyo ni ndogo, kwa sababu mwalimu huiona na kuisema siku ya kwanza.

Kasoro niionayo haimo katika majina hayo. Imo katika vitenzi. Waunda istilahi wetu wamekuwa watu wa nomino. Hukaa, wakaunda jina la kitu, wakaliandika katika orodha, wakadhani kwamba dhana imekwisha kupata makazi. Mwanafunzi hasemi kwa nomino. Husema "nilivuta", "niliburura", "nilibandua", na katika vitenzi hivyo ndimo fizikia yake ya kweli ilimo. Sasa tazama vitenzi vya Kiswahili vya kuachanisha vitu jinsi vilivyojipanga wenyewe katika safu mbili, pasipo kamati yoyote kuvipanga.

Safu ya kwanza ni ya vitenzi vinavyotaja mwendo: vuta, sukuma, kokota, burura, telezesha, inua. Kila kimoja chaeleza namna na upande. Mtu akisema "niliiburura" nimeona ardhi chini ya kitu. Akisema "niliiinua" nimeona kimo. Hakuna hata kimoja kinachoniambia kwamba vitu viwili vimeachana. Mtu aweza kuvuta mchana kutwa na sumaku zisitengane.

Safu ya pili ni ya vile vitenzi ambavyo E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliviweka katika mlango wa unyambuaji wa kupindua maana: funga na fungua, nasa na nasua, ganda na gandua, bandika na bandua, shona na shonoa, tata na tatua. Kiambishi hiki kinachogeuza tendo ni urithi wa Kibantu, wa zamani kuliko shule yoyote. Nacho chasema nini? Chasema kwamba hali iliyokuwapo haipo tena. Kilichofungwa hakikufungwa, kilichoganda hakikuganda. Aliyegandua hasemi kama alivuta, aliteleza, aliloweka au alipasha moto. Kitenzi chataja mwanzo na mwisho, na njia yote iliyo kati chaiacha wazi.

Hapo ndipo ulipo ufunguo wa sentensi yetu. Kani ni jambo la safu ya kwanza, kwa kuwa ina upande na hubadilika hatua kwa hatua. Kazi ya kutenganisha sumaku ni jambo la safu ya pili, kwa kuwa yategemea mwanzo na mwisho tu: zilikuwa zimegandana, sasa zimeganduliwa. Sarufi ya Kiswahili imekwisha kupasua mahali ambapo fizikia yapasua. Mwalimu hana haja ya kumwambia mtoto maneno mazito juu ya kutotegemea njia. Amwambie hivi: kutelezesha kwahitaji kani ndogo kuliko kuvuta moja kwa moja, na kugandua ni kazi ile ile. Mtoto aliyelelewa katika lugha hii atasikia tofauti katika vitenzi kabla hajaiona katika hesabu. Ataisikia kama asikiavyo kwamba "nimefungua mlango" haisemi kama alitumia ufunguo au bega.

Najua pingamizi litakaloletwa. Vitenzi vya safu ya pili havikai wote katika ukimya kamili juu ya njia. "Bandua", kwa mfano, katika masikio ya wengi ni kuanzia ukingoni na kuchambua, kama kubandua gamba la mti au karatasi iliyogandishwa ukutani. Na "chomoa" ni kuvuta kitu kwa njia ile ile kilimoingilia, kama kisu alani. Pingamizi hili ni la kweli nami nalikubali nusu. Ndiyo sababu nimechagua "gandua" kwa kazi ya sumaku na si "bandua". Mtu anayebandua sumaku hasa, yaani anayeinua ukingo mmoja kwa ukucha huku ukingo wa pili umebaki, amefanya njia ya tatu, ya wenzo: kani ya mkono yapungua, mwendo wa mkono warefuka, na kazi yabaki palepale. Jambo la kusikitisha ni kwamba ile njia iliyo rahisi kabisa kwa hesabu, kuvuta uso kutoka uso bila ya kuinamisha, ndiyo isiyo na kitenzi chake. Twalazimika kusema "kuvuta moja kwa moja", maneno manne kwa tendo moja. Huenda wavuvi na maseremala wa Mtang'ata, ambao lahaja yao W. H. Whiteley aliichapishia uchunguzi mwaka 1956, wanalo neno la kutoa ubao kutoka ubao kwa namna hiyo. Neno la namna hiyo latafutwa kwa kwenda Tongoni na Kigombe na kusikiliza, wala halitapatikana kwa kukaa mezani.

Faida ya kutenga safu hizi mbili haikomi darasani. Naipima sasa kwa kazi ya fasihi, nayo ni hekaya ambayo kila msomaji wa Alfu Lela Ulela aijua, ya Mfalme Ajib, yule qalandari wa tatu, aliyepeperushwa na bahari mpaka mlima mweusi wa sumaku, na misumari ya merikebu yake ikaruka kwenda kugandama mlimani, mbao zikasambaratika, watu wakazama. Hekaya hii ina ndugu wengi wa zamani. Procopius, mwandishi wa karne ya 6, aliwasikia watu wakisema kwamba vyombo vya bahari ya Hindi hushonwa kwa kamba bila ya misumari kwa kuogopa miamba inayovuta chuma. Aliikana habari hiyo kwa hoja safi: merikebu za Warumi zenye chuma kingi hupita bahari ile, na hazikupata kudhurika. Sababu aliyoiweka mahali pake, kwamba watu wa huko hawana chuma, haitutoshi sisi wa pwani hii, ambako al-Idrisi katika karne ya 12 aliwataja watu wa Malindi kuwa na machimbo ya chuma. Ibn Battuta alikuja karibu zaidi na ukweli alipoandika kwamba chombo kilichoshonwa kikigonga mwamba hunepa, na kilichopigwa misumari huvunjika. Rhapta yenyewe, bandari iliyotajwa katika mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, ambayo baadhi ya wataalamu huitafuta karibu na mto Pangani, yasemekana katika mwongozo huo huo kuwa imepata jina lake kwa sababu ya vyombo vya kushonwa. Na kama hoja ya Procopius yahitaji shahidi wa kwetu, São Rafael ilikaa juu ya fungu la Mtang'ata na misumari yake yote.

Mtungaji wa hekaya ni mwangalifu kuliko wanavyodhani wanaomcheka. Kuba lililo juu ya mlima ni la shaba, na mpanda farasi aliye juu ya kuba ni wa shaba, na mtu anayekuja kumchukua mfalme kwa mashua naye ni wa shaba. Alijua kwamba chuma kisingesimama pale. Udhaifu wake u katika misumari, na hapo kila mfasiri wa Kiswahili atapimwa. Akiandika kwamba misumari yote "ilivutwa kwa nguvu" amelifunika tena shuka lile lile. Msumari umeshikwa na ubao kwa msuguano, basi hapa, tofauti na sumaku zetu mbili, upande wa kuvutwa wabadili kani na wabadili kazi pia. Merikebu inakwenda mlimani kwa omo, na seremala aliipigilia kutoka nje kwenda ndani. Misumari ya omo yavutwa kwa njia ile ile iliyoingilia: hiyo yachomoka, na neno ni hilo. Misumari ya mbavuni yavutwa kukingama na mwili wake: hiyo yapinda, na ikitoka yatoka kwa kupasua ubao. Ama misumari ya tezi haitoki hata kidogo. Mlima ule ule unaoichomoa ya omo waizamisha hiyo ndani zaidi, mpaka kichwa kiingie katika mti.

Mfasiri mwenye kutaka kumridhisha msomaji wa Pangani au Tanga, ambaye baba yake huenda alikuwa seremala wa majahazi, ataivunja merikebu ya Ajib kuanzia mbele, ubao kwa ubao, na kuiacha tezi iende kuugonga mlima ikiwa nzima.